Papa Komunike na Wafuasi Wake

Alikuwa na sauti mbili. Ya nyumbani ilikuwa nyembamba, ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Ya kazini ilitoka chini ya mbavu, na ikitoka, watu kwenye kibanda cha chai waliacha kutafuna. Hiyo ya pili ndiyo iliyompa jina. Tulimwita Papa Komunike, kwa kuwa kwa miaka mingi alisoma redioni matangazo ya vifo, ambayo sisi wa Bukavu tunayaita komunike, na redio yenyewe ilipofunga milango yeye hakufunga mdomo: alihamia kwenye simu. Jina lake la kitambulisho nalijua, ila sitaliandika. Hakuna aliyemwita nalo isipokuwa mkewe, tena siku za hasira.

Nyumba yao ilikuwa juu ya yetu, Kadutu, mlimani. Aliyeishi Kadutu anaelewa maana yake. Jirani wa juu humjui kwa uso tu. Unamjua kwa maji ya kufulia yanayoshuka hadi mlangoni kwako, kwa kikohozi chake cha asubuhi, na kwa mambo anayoyasema akidhani hakuna anayesikia. Ndiyo maana nilijua, kabla ya wengi, kwamba mzee huyu aliyewatangaza watu wa mkoa mzima alikuwa na mtu mmoja asiyethubutu kumtangaza. Ni mwanawe wa kiume, wa pekee, aliyekwenda machimboni upande wa Shabunda kutafuta dhahabu, kisha simu yake ikanyamaza. Mama wa kijana alilia waziwazi, mchana, mbele ya majirani. Mzee alijifanya anakohoa.

Mimi nina kazi ambayo aliicheka tangu siku ya kwanza. Nafanyia Nyawera, mtaa mwingine wa Bukavu, kwenye chumba kidogo juu ya duka la mawigi, nawaendeshea wafanyabiashara kurasa zao za mtandaoni. Muuza viatu, muuza simu, mpambaji wa maharusi, wote wanataka kitu kimoja: wafuasi, tena wengi, tena kesho. Nawatafutia. Asubuhi nikishuka kwenda kazini nilimkuta Papa Komunike amekaa nje na kikombe chake cha chai, na salamu yake, ya kuniita binti yake kwa Kifaransa, ilikuwa ileile.

"Ma fille, leo unaenda kuokota bangapi?"

"Kiasi Mungu atanipa, papa."

"Okota, okota. Mais siku maman yako atagonjwa, utaniambia bangapi bamekuya ku hôpital."

Nilikuwa nacheka, naendelea kushuka. Wakati mwingine nilikasirika, sitaki kudanganya. Mtu akikuchekea kazi kila asubuhi kabla hujafungua macho vizuri, inachosha, hata kama ni mzee na hata kama unampenda.

Kulikuwa na swali moja alilolirudia mpaka sisi vijana wa mtaa tukawa tunamwigiza. Familia ikimletea habari ya msiba, kabla hajauliza jina la marehemu, aliuliza: "Mwenyewe ni nani?" Wageni walidhani anamtaka msemaji wa familia. Sivyo. Alitaka kujua komunike ile ni ya nani hasa, yaani katika dunia nzima ni mtu gani ambaye akiikosa, tangazo lote limekuwa bure. Labda ni binti aliyeolewa Walungu. Labda ni rafiki wa zamani ambaye hawakusemezana kwa miaka. Akishamjua huyo, alimpangia maneno yeye, kama vile wengine wote wanasikiliza dirishani tu.

Swali lile alilipata redioni, na alilipata kwa uchungu. Akiwa bado mgeni kazini, aliletewa komunike ya mzee aliyefia mjini. Akaisoma vizuri sana, kwa sauti ile, jina kamili kama lilivyoandikwa kwenye karatasi. Ndugu wa marehemu alikuwa Bunyakiri, redio mezani, anakula. Alilisikia tangazo mwanzo hadi mwisho, akasikitika kidogo kama tunavyowasikitikia watu tusiowajua, akaongeza mboga. Maisha yao yote alimwita kaka yake Deux Poches, yaani Mifuko Miwili, kwa ajili ya suruali fulani ya ujana, na jina lile ambalo kaka alijiandikishia mjini yeye hakuwa analijua. Alipopata habari kwa njia nyingine na kufika Bukavu, kaburi lilikwisha kufunikwa. Hakugombana na mtu. Alikwenda redioni, akasimama mlangoni pa studio, akamtazama kijana aliyesoma.

"Ni weye njo ulisema?" aliuliza. "Ulisema muzuri. Mais haukusema na miye."

Nimemsikia Papa Komunike akisimulia habari hiyo sijui mara ngapi, kwenye harusi, kwenye foleni ya maji, popote. Tangu siku ile hakusoma tena jina la karatasi peke yake. Alitaka jina la nyumbani, jina la shule, jina la baa, hata tusi kama ndilo lililomfuata mtu maishani. Familia nyingine ziliona haya. Aliziambia zikae na haya zao na watu wasije.

Basi alipohamia kwenye simu alifungua kundi, na akalichunga kama mtu anayechunga mlango wa nyumba yake mwenyewe. Hukuingia humo kwa kutumiwa kiungo. Uliingia kwa kujulikana. Aliuliza wewe ni wa nani, unakaa wapi, ulikuwa kwenye kilio cha nani mara ya mwisho. Kilio ndiyo matanga kwetu: hema la turubai, viti vya plastiki, watu wanakaa na wafiwa mpaka siku ya mwisho. Kwake mfuasi maana yake ilikuwa mtu ambaye akisikia, anachukua kiti chake na kwenda.

Na asiyekwenda aliondolewa. Hapo ndipo ugomvi wake na dunia ulipoanzia. Mwalimu mmoja wa shule ya jirani alipenda sana kutuma vile vikaragosi vya kulia, safu nzima, machozi yanatiririka. Papa Komunike alisubiri matanga yaishe, kisha akarekodi kwa sauti ya redioni: "Monsieur mwalimu alilia mingi sana mu simu. Ku kilio, macho yake hatukuyaona. Tunamuombea macho ipone." Halafu akamtoa. Mtaa ulicheka wiki nzima. Mwalimu hakucheka, ila msiba uliofuata alifika alfajiri, akabeba viti kutoka barabarani hadi juu kabisa, jasho likimtoka, na jioni akarudishwa kundini. Wengine hawakurudi. Sababu zao mzee hakuzisikiliza, iwe safari, iwe biashara, iwe mtoto mgonjwa. Mama yangu alimwambia kwamba ana roho ngumu, naye akajibu kwamba kaburi halingoji sababu.

Na bado, nikisema alikuwa mkali tu nitakuwa namwonea. Hakuna mtu aliyetangazwa naye kabla yeye mwenyewe hajapiga simu kuhakikisha. Mara moja alipiga namba ya marehemu, na marehemu akapokea. "Sijakufa, papa, niko nakula," alisema yule mtu kwa mshangao. Ndugu zake walikuwa na haraka ya kurithi kiwanja chake. Papa Komunike alimwomba radhi kwa kumkatiza chakula, kisha akawapigia wale ndugu, na maneno aliyowapa sitayaandika hapa. Zile siku mbaya za vita, ambapo kila simu mjini ilikuwa inapiga kelele za risasi na uvumi, kundi lake lilikuwa mahali pekee palipotulia. Lilikuwa na watu wachache tu, na kila mmoja alijua kwamba akisema uongo humo atakutana na mzee barabarani.

Lakini alikuwa na majivuno, Mungu amrehemu akiwa hai hivyohivyo. Alipenda kujulikana. Sokoni aliuliza bei ya maharage kwa sauti nyembamba, na muuzaji asipogeuka, aliuliza tena kwa ile nyingine. Wote waligeuka. "Aba, si ni Papa Komunike!" Alijifanya hataki, anatazama chini, huku miguu yake haiondoki. Tena kulikuwa na kijana mmoja mjini mwenye ukurasa mkubwa wa misiba, picha za maiti, ajali, habari nusu kweli, watu maelfu kwa maelfu. Mzee alimwita mharibifu. Ila karibu kila juma, akipita chumbani kwangu Nyawera kama kwa bahati, alikaa, akapangusa miwani, akauliza kana kwamba ni jambo dogo: "Ule kijana, iko na bangapi sasa?" Nikimwambia, alisonya. Halafu aliuliza kama hesabu hiyo haiwezi kuwa na kosa.

Sasa mwanawe. Kijana alisoma, akamaliza, akakosa kazi kama wenzake. Nyumbani waliendelea kumwita Sukari, kwa sababu utotoni alikuwa akilamba kijiko. Ndugu mdogo wa mzee alipofariki, Sukari hakuonekana kwenye kilio hadi siku ya mwisho. Alikuwa ameahidiwa kibarua, akaogopa kukiacha. Alipotokea, maiti iko ardhini, baba yake alisimama mbele ya viti vyote na kumtangaza. Ndiyo, alimtangaza mwanawe. Kwa sauti ile, kwa mpangilio uleule wa komunike, akaifahamisha familia, marafiki na majirani kwamba Bwana Sukari amewasili baada ya mazishi, na kwamba anaomba aonyeshwe kaburi. Watu walicheka, maana alisema vizuri kweli. Hata mimi nilicheka, ni kicheko kilichokuja chenyewe. Sukari alikaa kidogo, akala alichopewa, akaondoka. Siku chache baadaye alikuwa njiani kwenda machimboni. Alipiga simu kwa mama yake mara kadhaa, kisha basi.

Nilisema hakuthubutu kumtangaza. Sababu aliniambia mwenyewe, siku aliyopanda ngazi za duka la mawigi bila kisingizio cha kupita. Hakupangusa miwani. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mikono juu ya magoti.

"Ma fille, nifundishe."

"Nikufundishe nini, papa?"

"Kuokota batu. Bengi."

Nilidhani ananitania. Nikamwambia akumbuke maneno yake yote ya asubuhi, ya hôpital na nini na nini.

"Minakumbuka," alisema. "Kama minajua mwenyewe iko wapi, minatumia mutu moja, bas. Ule mutoto sijue iko wapi. Anaweza kuwa Shabunda, anaweza kuwa Mwenga, anaweza kuwa ku mbali zaidi. Sasa nifanye je? Ni lazima niseme na wote." Akainamisha kichwa. "Na niko na haya. Nilimutangazaka mara moja. Ile mara alikuwa mbele yangu."

Nilikwenda dirishani kujifanya natazama barabara. Chini, wenye pikipiki walikuwa wanagombea abiria, na wapagazi wanashusha magunia. Nikarudi mezani nikamfungulia ukurasa.

Alikuwa mwanafunzi mgumu. Nilimwambia aonyeshe uso, akasema uso wake haujawahi kufanya kazi yoyote. Nilimwambia watu hawana subira, aseme maneno machache, akasema hata marehemu anahitaji nafasi ya kupumua. Muziki wa chinichini aliukataa kabisa. Mwishoni tulipatana: akae kwenye benchi lake Kadutu, mlima nyuma yake, aseme anachotaka, mimi nikate. Akasema. Hakusoma popote. Alitaja jina la karatasi, akataja Sukari, akataja kijiko. Alisema mama wa kijana anapika sombe, majani ya muhogo, nyingi kuliko wanavyoweza kula, kwa mazoea. Alisema, "Baba yako alisema mubaya mbele ya batu. Leo anasema mbele ya batu ingine, ili wajue alisema mubaya." Kazi yangu imenifundisha kutazama mambo haya kwa jicho la biashara, nami nilijua papo hapo kwamba itatembea simu kwa simu. Nilijua, na nilitokwa na machozi hivyohivyo.

Ilitembea. Watu wa Goma, wa Uvira, wa Kinshasa, wa Ulaya walioondoka siku nyingi, wote wakajaa. Hesabu ilipanda mpaka yule kijana wa picha za maiti akaanza kutuigiza. Mzee alikuwa anakuja kila siku kuangalia, na sitamficha, alifurahia. Vijana walimsimamisha barabarani wapige naye picha. Alianza kuvaa koti la kanisani siku za kazi.

Kisha zikaja habari nyingine. Mtu alimwona Sukari Kindu, mwingine alimwona siku hiyohiyo Kalemie, na wote walitaka kwanza watumiwe nauli. Watu walimtumia mioyo na maneno ya courage, yaani ya kumtia moyo, mengi, ya kweli pengine, lakini hakuna aliyekuwa na mtoto wake mfukoni. Wahuni walimwomba awatangaze kwamba wamekufa, wakawatishe wake zao. Kundi dogo nalo likalegea, maana hakuwa na muda wa kupiga simu na kuhakikisha. Mjane mmoja wa mtaani kwetu alikaa siku nzima na viti vitupu kwa sababu komunike ya mumewe ilichelewa. Mzee alikwenda kuomba radhi, akarudi bila koti. Jioni ile nilimsikia mkewe kutoka chini: "Inchi yote inakujua. Mutoto wangu iko wapi?" Mzee alikohoa.

Habari ililetwa na mama mmoja muuza vikwembe. Anafunga marobota ya vitambaa hapa mjini, anapanda gari hadi barabara inapokwisha, kisha anatembea na wapagazi kwenda kuwauzia wake wa wachimbaji na wachimbaji wenyewe. Nilikuwepo alipofika, kwa hiyo sisimulii ya kusikia. Alikuja mchana, vumbi hadi magotini, akakataa kiti.

"Papa, mutoto wako nimemuona," alisema. "Iko muzima."

Mke wa mzee alikaa chini palepale, juu ya udongo.

Mama yule alieleza. Huko aendako hakuna mtandao, kwa hiyo kabla ya safari hujaza simu yake nyimbo na maneno ya kusikiliza njiani, na mara ile alijaza na sauti ya Papa Komunike. Alikuwa ameketi kwenye kibanda cha chakula kati ya wachimbaji, simu juu ya meza, sauti inasema habari za kijiko. Kijana mmoja mezani pale aliacha kula. Jina lile la karatasi lilikuwa lake, na kibandani lilijulikana. Wenzake wakaanza kumwita Sukari kwa utani, kila mmoja, kibanda kizima. Akainuka akatoka, mama akamfuata nje.

"Alikuwa analia?" aliuliza mama wa kijana.

"Alikuwa na hasira, maman. Mais alinipatia namba. Ananiambia: mwambie papa asinipigie. Na asinitangaze tena, banaanza kunicheka huku."

Papa Komunike alimshika mikono yote miwili. Alimwita malaika, akamwuliza jina, na jinsi alivyolipata tangazo lile. Mama akamtazama kwa namna fulani.

"Haunijue, papa? Nilikuwa mu grupu yako. Ulinitoa. Kilio ya muzee wa kule chini, sikukuya. Nilikuwa kule ku machimbo, njo biashara yangu. Ulisema miye ni mutu wa simu tu." Akajifunga kitenge vizuri kiunoni. "Ile page yako mupya haina mulango. Nikaingia."

Mkewe ndiye aliyesema aksanti. Mzee aliingia ndani, akatoka na kiti chake mwenyewe, kile cha mto, ambacho hamkalishi mtu. Akakiweka chini ya mama yule mpaka akakaa. Jioni alipita kwa wote aliowahi kuwatoa kundini, mlango kwa mlango, kupanda na kushuka. Wengine walimfukuza, na walikuwa na haki yao.

Halafu akaja Nyawera akaniambia niue ukurasa. Nilimsihi, kwa kweli nilimsihi. Nilimwambia watu wengi vile hawapatikani mara mbili, angeweza kusaidia wazazi wengine, angeweza hata kula kwa ukurasa ule.

"Mwenyewe amesikia," alisema. "Komunike ikisikiwa na mwenyewe, unaifunga."

"Na bale maelfu, papa?"

"Waambie aksanti."

Nikaandika aksanti, nikaufunga. Nilikuwa na uchungu siku kadhaa, kama mtu aliyemwaga sufuria nzima. Kundi dogo alilirudisha, safari hii bila mlango mkali. Bado anapiga simu kuhakikisha, bado anauliza mwenyewe ni nani. Ila anayekosa kilio siku hizi anaulizwa tu kama njia ilikuwa nzuri.

Mimi niliolewa nikahamia upande mwingine wa mji, na miezi ikapita bila kumwona. Mara ya mwisho nilipanda Kadutu kumsalimu mama yangu, nikaendelea juu hadi kwao. Alikuwa kwenye benchi, amekonda, shati limemzidi mabega. Alikuwa anazungumza na simu peke yake, polepole. Alikuwa anaeleza kwamba mvua imeng'oa ngazi ya chini na majirani wameitengeneza kwa mawe. Alipomaliza alinionyesha.

Ilikuwa statu, yale maneno unayoweka kwenye simu yakakaa siku moja tu, kisha yakafutika yenyewe. Unaweza kuchagua nani ayaone. Alikuwa amemchagua mmoja. Chini yake kuna alama ya jicho, na kando ya jicho huandikwa idadi ya waliotazama.

"Alisema nisimupigie," alinieleza. "Simupigie. Alisema nisimutangaze. Simutangaze. Minaweka tu hapa. Akitaka, anaona."

"Na anaonaga kweli?"

"Kule kwenye iko, réseau hakuna. Lazima apande kilima, saa mingi. Asipopanda siku ile, inafutika." Akatazama skrini. "Siku ingine hapande. Iko na kazi, ama iko na hasira. Siku ingine anapanda."

"Anakujibuka nini?"

"Hajibuke."

Alifungua upya, akanisogezea simu mdomoni. "Msalimie ndugu yako. Mumekomaa pamoja."

Kila siku nasema na maelfu. Najua lini nitabasamu, najua neno la kwanza la kumfanya mtu asipite. Nilishika simu ile nikaigeuzageuza mkononi mpaka mzee akanigusa kiwiko. Nikasema mimi ni yule wa nyumba ya chini. Nikasema papa amekonda lakini anakula, kikohozi hakijapona, maman yuko jikoni, na kwamba mimi nimepata mtoto naye hajamwona. Sikujua kumaliza. Nikasema, "Bas, Sukari, ni ile tu." Mzee akaiweka.

Tukakaa. Alinipa chai, akaniuliza habari za mume wangu, akaniuliza kama bado ninaokota. Mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya ziwa na nilitaka kushuka kabla ya mvua, lakini kila nilipoinuka alinipa habari nyingine ya kusimulia, na kila habari alitazama simu. Kando ya jicho hapakuwa na kitu. Nilianza kumwonea huruma kiasi cha kutaka kudanganya, kusema mtandao umeharibika leo mji mzima. Matone ya kwanza yaliangukia benchi. Aliifunika simu kwa kiganja, akaifunua, akaiinamia karibu kabisa, miwani ikigusa skrini.

"Maman!" aliita, akasimama na mvua ikimnyeshea. "Maman, amepanda!"

Mkewe aliacha mwiko ndani ya sufuria, akatoka mbio na mikono yenye unga, kuja kuitazama ile moja kando ya jicho.